Kochi la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kulitambua na Kulikadiria Bei

Ukurasa huu unahusu kochi la mtu mmoja, yaani kiti cha mikono kilichojazwa na kuvishwa kitambaa au ngozi. Maswali ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa waliorithi, walionunua mnadani, na waliolikuta kochi kwenye kontena la vyombo vilivyotumika kutoka Uingereza. Karibu wote hutuma picha moja ya mbele, mara nyingi kochi likiwa limefunikwa kitambaa cha kufuma mgongoni. Picha hiyo haisaidii sana. Kochi husomwa kwa chini.

## Mambo ya kwanza

Kochi likifika umri gani ndipo linahesabiwa kuwa la kale?

Kwa watu wa forodha, mpaka ni miaka 100. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa una namba yake maalumu, 9706, kwa vitu vya kale vilivyozidi umri huo. Chini ya hapo ni kochi la zamani tu, liwe la miaka 30 au 90.

Usidhani lakini kwamba kadiri linavyozeeka ndivyo linavyopanda bei. Kochi lililobuniwa miaka ya 1950 na mtu anayejulikana huliacha mbali kochi la 1890 lisilo na jina. Soko la samani nzito za mbao nyeusi za Kiingereza limeshuka sana tangu miaka ya 2000, kwa kuwa watu wanakaa nyumba ndogo na hawazitaki.

Nimeachiwa kochi na bibi, lina vumbi na limechakaa. Nilisafishe kwanza?

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Usipige msasa, usipake vanishi, usibandue kitambaa, wala usilipeleke kwa fundi kabla hujalipiga picha. Kipande cha karatasi kilichobanduka nusu chini ya kikalio, namba iliyoandikwa kwa penseli kwenye fremu, au mhuri uliofifia ndani ya mguu wa nyuma ndivyo vitakavyokuambia ni kochi la nani na la lini. Fundi mwenye haraka huvitupa vyote pamoja na gunia bovu.

Picha zinazotakiwa ni hizi: mbele, ubavu, mgongo, kila mguu kwa karibu, na chini yote huku tochi ikimulika kutoka pembeni ili mikwaruzo na mihuri ionekane. Kisha pima kimo, upana, kina, na urefu wa kikalio kutoka sakafuni. Kipimo hiki cha mwisho kina maana yake. Kikalio kikiwa chini isivyo kawaida, huenda miguu ilikatwa. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni la kawaida, kwa sababu miguu huoza kwa maji ya kudekia au huliwa na mchwa, na dawa ya haraka imekuwa msumeno.

Kitambaa chote kimechanika. Thamani imekwisha?

Mara nyingi hapana. Kochi la miaka 80 huwa limeshavishwa upya mara mbili au tatu, na mnunuzi anayejua kazi anatazama fremu. Ukifunua pembe ya kitambaa nyuma utaona mistari ya matundu ya misumari kwenye mbao. Kila safu ni vazi moja lililopita.

Kuna hali tatu ambapo vazi la kwanza ni sehemu ya bei: ngozi ya awali iliyozeeka vizuri bila kupasuka, kitambaa cha awali kwenye kochi la mbunifu anayejulikana, na vazi lililodariziwa kwa mkono. Ukiwa na mojawapo, usiguse chochote kabla ya kusoma sehemu ya thamani hapo chini.

Niende kwa fundi wa makochi au kwa mthamini?

Fundi mzuri wa Keko jijini Dar es Salaam, au wa Gikomba au Ngong Road jijini Nairobi, atakuambia kwa usahihi kama fremu ni nzima, na gharama ya kulirudisha. Hatakuambia bei ya mnadani London. Mthamini naye anaweza kujua bei lakini asigundue kwamba mguu mmoja umebadilishwa. Anza na fundi, ila mwambie kabisa kwamba umekuja kuuliza, hujaja kutengeneza.

## Kusoma umri kwa chini

Nikilipindua, nitazame nini kwanza?

Tazama kinachobeba uzito. Makochi ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 yana mikanda mipana ya gunia iliyosukwa kwa kupishana, na juu yake springi za mviringo zilizofungwa kwa kamba, kila moja ikishikana na jirani zake. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na huchukua muda mrefu. Ukiona mafundo ya kamba juu ya springi, uko mbele ya fundi wa shule ya zamani, hata kama hana jina.

Springi za zigizaga, zile za waya mmoja unaokwenda kombokombo kutoka nyuma hadi mbele, zilienea kuanzia miaka ya 1930 na hadi leo zinatumika. Kwa hiyo zinakuambia kochi si la kabla ya hapo, lakini hazikuambii ni la lini baada ya hapo. Springi nyembamba ndefu zilizonyooshwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, zikiwa ndani ya ala ya kitambaa, ni dalili tofauti kabisa. Tazama swali la makochi ya Parker Knoll hapo chini.

Halafu kuna mikanda ya mpira. Kampuni ya Pirelli ya Italia ndiyo iliyoifanya maarufu, na kochi liitwalo Lady la mbunifu Marco Zanuso la mwaka 1951 ni mfano wake unaojulikana. Makochi mengi ya Kideni (ya Denmark) na ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yanayo. Mpira huo hukauka na kukatika, hasa kwenye joto, kwa hiyo kukuta umekatika si aibu kwa kochi. Kubadilisha mikanda ni kazi ya saa chache.

Nitajuaje limejazwa nini bila kulichana?

Kwa kawaida tayari kuna tundu mahali. Ingiza vidole viwili, toa nyuzi kidogo.

Nywele za farasi ni ngumu, zinajipinda, na zinarudi zilipokuwa ukizibana. Ukichoma unyuzi mmoja kwa kiberiti, nje ya nyumba na mbali na kochi, hunuka unyoya ulioungua. Nyuzi za mimea hunuka karatasi. Usumba wa nazi una rangi ya kahawia na hukatika ukiukunja. Sufi ni nyeupe ya maziwa na nyepesi kupita kiasi, na huingia puani kabla hujaiona.

Hapa ndipo kochi lililotengenezwa kwetu linapojitambulisha. Usumba ulitumika hata Ulaya, lakini kochi lenye sufi kwenye mito, usumba kwenye kikalio na mbao ya mvule au mninga karibu hakika limetoka kwenye karakana ya Afrika Mashariki, hata kama umbo lake ni la Kiingereza mtupu.

Sponji nayo ina historia yake. Povu la mpira wa asili lilitengenezwa na maabara ya Dunlop huko Birmingham mwaka 1929. Likizeeka huwa gumu kisha hubomoka kuwa ungaunga wa njano. Sponji ya kisasa ya poliyurethani ilianza kuingia kwenye samani kwa wingi miaka ya 1950. Vaa barakoa unapofukua yoyote kati ya hivi.

Misumari na skrubu zinaweza kutaja mwaka?

Mwaka hapana, kipindi ndiyo. Misumari midogo ya kichwa kipana, iliyopigwa mmojammoja, ndiyo ilikuwa kawaida kabla ya bunduki za pini. Pini nyembamba za stepla zilizopangwa sawasawa ni kazi ya nusu ya pili ya karne ya 20, au ni za fundi aliyelivisha juzi.

Skrubu ni shahidi mzuri zaidi kwa sababu hazibadilishwi ovyo. Skrubu ya nyota, ile inayofunguliwa kwa bisibisi ya nyota, ilianza kutumika viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930 kwa hataza za Henry Phillips. Ukiikuta mahali ambapo fremu imeunganishwa tangu mwanzo, kochi si la 1910, muuzaji aseme atakavyo. Ukiikuta kwenye kipande cha chuma kilichoongezwa kukaza mguu, haithibitishi kitu.

Viungo vya mbao vinasema nini?

Ulimi ulioingia tunduni na kufungwa kwa gundi, au vijiti vya mviringo vilivyozama pande zote mbili, ni kazi ya kawaida ya useremala mzuri. Mbao mbili zilizopigwa misumari kwa ncha ni kazi ya haraka. Vipembe vya mbao vilivyokazwa ndani ya kona za kikalio ni ishara nzuri, hasa vikiwa vimekatwa kufuata kona bila mwanya.

Tazama pia upande wa ndani ambao fundi hakutarajia uonwe. Mikwaruzo ya msumeno yenye upinde imetoka kwenye msumeno wa mviringo wa mashine, iliyonyooka na kupishana kidogo ni ya mkono, na mawimbi madogo yaliyolingana ni ya mashine ya kuranda. Lakini kwetu msumeno wa mkono uliendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya Ulaya kuuacha. Alama za mkono kwenye mvule zinaweza kuwa za 1960.

Dalili zinapingana: springi ni za zamani, sponji ni mpya, mguu mmoja una rangi tofauti. Nifuate ipi?

Fuata fremu, kisha uliza kila kitu kingine kiliingia lini. Sponji mpya juu ya springi za kufungwa kwa kamba ina maana kochi lilitengenezwa, basi. Mguu wa rangi tofauti ni jambo zito zaidi. Chunguza kama mguu wa nyuma ni kipande kimoja na mhimili wa mgongo. Kwenye makochi mengi mazuri ndivyo ulivyo, na mguu uliounganishwa katikati ni matengenezo.

Wakati mwingine utakuta fremu ya kochi moja na miguu ya jingine. Hilo si kosa la jinai mpaka mtu aliuze kama kochi moja la awali.

## Mbao

Nitaitambuaje mbao iliyopakwa vanishi nyeusi?

Nenda palipofichwa: chini ya kikalio, ndani ya mguu, nyuma ya kitambaa. Mvule mpya una manjano ya dhahabu na huzidi kuwa kahawia ukipata mwanga, nyuzi zake zimepishana, na mara nyingine una vijiwe vyeupe vya chokaa ndani ambavyo huvunja meno ya msumeno. Maseremala wanavijua na wanavilaani. Mninga una michirizi ya kahawia na wekundu na hurandwa laini. Mkangazi una wekundu uliotulia. Msaji una mafuta unayoyahisi kwa kidole na harufu inayokaribia ya ngozi.

Fremu za Kiingereza zilizofichwa chini ya kitambaa mara nyingi ni za mbao za kizungu zisizo na madoido, hasa mti uitwao bichi (beech), na miguu tu ndiyo hutengenezwa kwa mahogani au mbao nyingine ya kupendeza. Kwetu ilikuwa kawaida kukuta fremu nzima ni mvule, hata pasipoonekana, kwa sababu mvule hausumbuliwi sana na mchwa. Ndiyo maana kochi la aina hiyo ni zito kupita linavyoonekana.

Mbao ni msaji. Basi ni la Kideni?

Si lazima. Wadeni walitumia sana msaji miaka ya 1950 na 1960, lakini Waingereza nao walitumia, na Tanzania ilianza kupanda misaji enzi za Wajerumani; mashamba ya Longuza na Mtibwa ni miongoni mwa yanayojulikana. Mbao haimtaji fundi. Angalia umbo la mkono, viungo na alama.

## Alama na watengenezaji

Kochi langu halina jina popote. Ni la bure?

Makochi mengi mno hayana jina, pamoja na mazuri. Lebo za karatasi zilibanduka, za kitambaa zilitupwa wakati wa kuvisha. Kukosa jina kunakuondoa kwenye bei za wabunifu na kukurudisha kwenye ubora: fremu, umbo, hali. Humo bado kuna pesa, ila ni ya kawaida.

Kuna herufi PWD au EAR&H kwenye fremu. Ni kampuni gani hiyo?

Siyo kampuni ya samani. PWD ni idara ya kazi za umma ya enzi za Mwingereza, iliyokuwa inahudumia nyumba za maofisa wa serikali pamoja na samani zake. Hivyo alama hiyo inataja mwenye mali, na huenda isimtaje kabisa aliyetengeneza.

EAR&H ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Lilianza mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, na mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa kuwa mashirika mawili. Kochi lenye alama hiyo kwa hiyo lilihesabiwa kuwa mali ya shirika ndani ya miaka hiyo 21. Hiyo ni tarehe safi kuliko utakayopata kwenye makochi mengi ya Ulaya, na wakusanyaji wa vitu vya reli hulipia. Kama unaulizwa karatasi za umiliki, tazama swali la mali ya serikali katika sehemu ya mwisho.

Nitalijuaje Parker Knoll?

Ni mojawapo ya makochi yanayokuja sana kutoka Uingereza. Kampuni ya Frederick Parker, yenye kiwanda High Wycombe, ilichukua mwanzoni mwa miaka ya 1930 ubunifu wa Mjerumani Willi Knoll wa kunyoosha springi nyembamba kutoka ubavu hadi ubavu badala ya kurundika springi za kusimama. Matokeo yake ni kochi jembamba na jepesi lenye mto wa kutoa.

Inua mto. Utaona springi hizo zikiwa na ala za kitambaa au zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chenye jina. Kisha tafuta kwenye fremu, hasa upau wa nyuma, herufi PK zikifuatwa na namba ya modeli. Ukipata namba umemaliza kazi ya kutambua. Kuhusu bei, usijipe matumaini makubwa. Yalitengenezwa mengi, ni imara, na yanauzika haraka kwa bei ya wastani. Binafsi nalipendekeza kwa mtu anayetaka kochi la kukalia kuliko la kuwekeza.

Na Howard & Sons?

Hili ndilo linalowafanya wauzaji wa London wapige magoti kutazama chini. Howard & Sons wa Berners Street walitengeneza makochi ya kina, yenye mikono ya chini, ambayo mpaka leo yananakiliwa. Alama zao ni jina na namba zilizogongwa kwenye mguu wa nyuma, jina kwenye magurudumu ya shaba, na mara nyingine kitambaa cha ndani chenye herufi za kampuni zilizofumwa.

Gurudumu peke yake halitoshi. Gurudumu hufungwa kwa skrubu chache, na linaweza kuhamishiwa kwenye kochi lolote kwa dakika tano. Tafuta dalili mbili zinazokubaliana, na hakikisha shaba imechakaa sawa na mguu unaoishika.

Yapi mengine ya Kiingereza nikutane nayo?

Ercol, iliyoanzishwa na Lucian Ercolani mwaka 1920, na G Plan ya E. Gomme iliyoanza 1953. Zote zilianzia High Wycombe. Ercol kwa kawaida huonyesha mbao na mito ya kutoa, na ukiinua mito utakuta mikanda ya mpira. G Plan huwa na lebo au mhuri wenye jina.

Muuzaji anasema ni la Kideni halisi. Nimuulize nini?

Muulize alama iko wapi. Samani nyingi za Kideni zilizouzwa nje zina mhuri au kisahani chenye maneno "Danish Furnituremakers' Control", au jina la kiwanda na nchi. Kiwanda kimoja kinachokutwa sana kiliitwa France & Daverkosen hadi 1957, kisha France & Søn, hivyo jina lenyewe linakupa kipindi.

Kisha pitisha kidole mahali mkono unapokutana na mguu. Kwenye kazi nzuri ya Kideni mbao inapita kutoka kipande hadi kipande bila kidole kukwama. Nakala nyingi hushindwa hapo.

Nina kochi la Eames lenye stuli ya miguu. Ni halisi au nakala?

Kwa bahati mbaya, uwezekano mkubwa ni nakala. Kochi namba 670 na stuli yake 671, kazi ya wabunifu Charles na Ray Eames, vilitolewa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1956 na bado vinatengenezwa. Nakala ni nyingi sana.

Hesabu miguu ya chini: kochi halisi lina matawi matano, stuli ina manne. Tazama mgongoni: kwenye halisi hakuna skrubu zinazoonekana kwenye maganda ya mbao, kwa kuwa yameshikwa kwa vipande vya mpira kutoka ndani. Jaribu kulilaza nyuma: la halisi lina mwinamo uliopangwa kiwandani, halina mkono wa kulilaza. Likishindwa jaribio moja kati ya haya matatu, usiendelee.

Mgongo wa kochi langu unalazwa kwa kuhamisha ufito kwenye meno. Ni nini hiki?

Ni mtindo wa kiti cha Morris, uliotokana na kiti kilichouzwa na kampuni ya William Morris kuanzia miaka ya 1860. Ulinakiliwa duniani kote, ukiwemo ukanda wetu, ambako ulifaa sana kwa veranda. Nakala ya mvule yenye mito ya sufi haina uhusiano na kampuni ya Morris zaidi ya umbo, lakini ni kiti kizuri na mimi singeuza cha kwangu.

## Thamani

Niambieni bei moja tu. Kochi langu ni shilingi ngapi?

Bei moja haipo. Kuna bei ya kuuza leo hii kwa jirani, bei ya mnadani, bei ya dukani likiwa limetengenezwa, na thamani ya bima, ambayo ni gharama ya kupata jingine kama hilo. Ya kwanza na ya mwisho huweza kutofautiana mara tatu bila mtu yeyote kudanganya. Amua kwanza unataka kufanya nini.

Nitafute wapi bei za kulinganisha?

Tafuta bei zilizolipwa. Bei zinazoombwa kwenye matangazo ni ndoto za wauzaji. Nyumba nyingi za mnada huchapisha matokeo. Hapo angalia kama tarakimu ni bei ya nyundo, yaani ya mwisho iliyotajwa mnadani, pekee au imejumuisha ada ya mnunuzi, maana ada hiyo si kidogo na muuzaji haioni. Linganisha modeli ileile, hali ileile, na nchi ileile. Kochi lililouzwa Copenhagen halikupi bei ya Mombasa mpaka utoe usafiri, ushuru na faida ya mtu wa kati.

Nilisoma kwamba kuna kochi liliuzwa mabilioni. Ni kweli?

Ni kweli. Kochi la ngozi lenye madragoni la Eileen Gray, lililotengenezwa kati ya 1917 na 1919 hivi, liliuzwa na nyumba ya mnada ya Christie's mjini Paris Februari 2009 kwa euro milioni 21.9. Lilitoka kwenye mkusanyo wa Yves Saint Laurent na Pierre Bergé. Mbunifu mkubwa, kochi la pekee, wamiliki mashuhuri, yote kwa pamoja. Halina la kukuambia kuhusu kochi lako wala langu.

Yakiwa mawili yanayofanana?

Jozi halisi huuzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya moja, kwa sababu watu hupanga sebule kwa jozi. Hakikisha ni jozi kweli: pima yote mawili, linganisha miguu na mihuri. Na tafadhali, ndugu wawili wasigawane moja moja kabla hawajasikia habari hii.

Nilivishe upya kabla ya kuuza?

Piga hesabu kwanza. Tuseme sokoni kwenu kochi kama hilo likivishwa vizuri huuzwa 600,000, na fundi pamoja na vifaa wanakula 450,000. Lilivyo sasa thamani yake ni 150,000, na bado hujalipa gari. Ukiliuza hivyohivyo kwa 150,000 hujapoteza chochote isipokuwa usumbufu. Kochi lenye masikio, lile la mgongo mrefu wenye mabawa pembeni, hula mita 5 hadi 7 za kitambaa, na wengi hushtukia hapo.

Kuna sababu nyingine ya kusita. Mnunuzi wa mjini anataka kuchagua kitambaa chake, na mahameli ya dhahabu uliyoipenda wewe yeye ataiona ni gharama ya kubandua. Reksini, yaani ngozi ya bandia, juu ya kochi la karne ya 19 hushusha bei papo hapo. Kaza fremu, tibu wadudu, kisha acha. Kama kochi ni la kukaa nyumbani kwako, sahau aya hizi mbili, lipambe upendavyo.

## Mambo yenye utata

Kuna ungaunga chini ya kochi kila asubuhi.

Ni wadudu wanaobungua mbao. Weka karatasi nyeupe chini usiku. Unga mpya wenye rangi ya mbao mbichi ni dalili kwamba wapo hai, ilhali matundu ya zamani yenye kingo nyeusi yanaweza kuwa yalishaachwa. Litenge kochi na samani nyingine leo leo. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi: sauti ya uwazi kwenye kiungo ina maana mbao imeliwa ndani, na hapo bei inashuka zaidi ya kitambaa chochote kilichochanika.

Lina alama ya serikali. Linaweza kuleta kesi?

Samani za serikali huuzwa kihalali kwenye minada ya vifaa chakavu, na zilizotoka hivyo zina stakabadhi. Kama marehemu babu alilinunua hivyo, tafuta karatasi hiyo kwenye sanduku lake kabla ya kutangaza kuuza. Usifute mhuri. Umeona hapo juu kwamba mhuri ni sehemu ya thamani, na kuufuta kunakufanya uonekane una cha kuficha.

Ninaweza kulitoa nje ya nchi?

Makochi mengi, ndiyo. Kuwa makini na umri. Kenya, chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na kukitoa kunahitaji kibali. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatumia mpaka wa 1863 kwa masalia. Angalia pia mbao na mapambo. Mbao ya Dalbergia nigra ya Brazili, iliyotumika kwenye makochi kadhaa ya kifahari ya katikati ya karne, imo kwenye ulinzi wa juu wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na pembe za ndovu usizijaribu.

Niko Uingereza. Duka la hisani limekataa kochi langu. Kwa nini?

Sheria ya usalama wa moto kwa samani ya 1988 inataka sponji na vitambaa visivyoshika moto kirahisi, na maduka hutafuta lebo ya kudumu. Bila lebo hawawezi kuuza. Samani zilizotengenezwa kabla ya 1950 hazibanwi na masharti hayo, ila ukilijaza sponji mpya, vifaa hivyo vipya vinapaswa kukidhi sheria.

Kiti cha enzi cha Lamu au Unguja kinahesabiwa humu?

Hapana. Kimesukwa kwa kamba au henzirani, hakikujazwa, na kina soko na wataalamu wake. Mto uliowekwa juu baadaye haukifanyi kuwa kochi. Tazama tu swali la kutoa nje ya nchi, maana kwake lina uzito zaidi.

Warithi tuko watano na kochi ni moja. Tufanyeje?

Likadirieni na watu wawili wasiofahamiana, mkubaliane kutumia bei ya kuuza lilivyo, si ya bima wala ya dukani. Anayelitaka alichukue, na kiasi hicho kikatwe kwenye fungu lake la mirathi. Wakilitaka wawili, wapige bei baina yao wenyewe, na ziada iingie kwenye mali ya wote. Andikeni, na bandikeni nakala ya karatasi hiyo chini ya kikalio.